Kupanga marejeo ya makala ya jarida la kisayansi, hatua kwa hatua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuandaa makala zao kabla ya kuzituma kwenye majarida. Mtu ameshinda maabara au vijijini mwaka mzima, data ziko safi, uchambuzi umekaa sawa. Halafu anafika kurasa za mwisho na moyo unanywea. Rejea ya tatu ina jina kamili la jarida, ya nne ina ufupisho, ya saba haina mwaka, ya kumi na mbili imenakiliwa kutoka tasnifu ya mtu mwingine na hakuna anayekumbuka chanzo chenyewe kiko wapi.

Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa makala kwa sababu hiyo. Haikufika hata kwa wapitiaji. Mhariri aliandika mistari miwili tu: marejeo hayafuati mtindo wa jarida, na rejea mbili hazipatikani. Mtindo niliurekebisha kwa siku moja. Zile rejea mbili zilinichukua wiki tatu, na moja sikuipata kabisa, ikabidi niondoe aya nzima iliyoiegemea. Tangu hapo nimeshika kwamba ndani ya marejeo kuna kazi mbili zenye uzito tofauti. Ipo ya kumfikisha msomaji kwenye kile ulichokisoma kwa macho yako, na ipo ya kuweka nukta na mikato pale jarida linapotaka. Ya kwanza ikifanyika vizuri, ya pili ni ya mchana mmoja. Ya kwanza ikiharibika, hakuna nukta itakayokuokoa.

Nitatumia makala moja ya kweli ili tuone kila herufi inakwenda wapi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education. Kichwa chake ni neno moja lenye alama ya kuuliza: "Cool?"

Hatua ya 1: Soma maelekezo ya jarida kabla hujaandika rejea hata moja

Kila jarida lina ukurasa wa maelekezo kwa waandishi. Usiusome juu juu. Chukua karatasi, uandike majibu. Ndani ya matini wanataka namba, au jina na mwaka? Namba inakaa kwenye mabano ya kawaida, mabano ya mraba, au inapandishwa juu ya mstari? Inatangulia nukta ya sentensi au inaifuata? Kwenye orodha wanataka waandishi wangapi kabla ya kuandika "et al." (yaani, na wenzake)? Jina la jarida liandikwe kamili au kwa ufupisho? DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, inatakiwa? Kuna kikomo cha idadi ya rejea?

Hilo la mwisho linasahaulika sana. Barua kwa mhariri na taarifa fupi huwa na nafasi ya rejea chache tu, na kupunguza rejea wakati makala imeshakamilika ni kazi chungu, kwa sababu kila unayoing'oa inang'oka na sentensi yake.

Kisha pakua makala mbili zilizotoka katika jarida hilo hivi karibuni, uweke orodha zao za marejeo kando ya karatasi yako. Maelekezo ya baadhi ya majarida hayajaguswa kwa miaka, na kinachochapishwa ni kitu kingine. Vikipingana, mwandikie mhariri umuulize. Ni barua pepe ya mistari mitatu na hakuna mhariri niliyemwona akikasirika kwa kuulizwa.

Wachapishaji wengine wamelegeza kamba. Majarida mengi ya Elsevier, kwa mfano, hupokea marejeo ya mtindo wowote katika utumaji wa kwanza, mradi yawe ya namna moja mwanzo hadi mwisho. Ruhusa hiyo ni ya mpangilio. Majina, kichwa, jarida, mwaka, juzuu na kurasa bado vinatakiwa vyote.

Hatua ya 2: Jua uko katika ukoo gani

Mitindo ni mingi, lakini karibu yote ni watoto wa koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni wa namba. Unaojulikana zaidi ni Vancouver, unaotawala majarida ya tiba na afya. Jina limetokana na mji wa Vancouver, Kanada, ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978 kukubaliana namna moja ya kuandaa miswada. Masharti yao yalichapishwa 1979, na kundi hilo ndilo leo tunaloliita ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Namna ya kuandika rejea ilitengenezwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, NLM, na mpaka sasa ukikwama kwenye Vancouver, mwongozo wa NLM ndio mahakama ya rufaa.

Ukoo wa pili ni wa jina na mwaka, ambao wengi huuita Harvard. Husemwa kuwa chanzo chake ni Edward Laurens Mark, mtaalamu wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala yake kuhusu konokono asiye na gamba. APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, uko katika ukoo huu. Toleo lake la 7 lilitoka 2019. Utaukuta ukoo huu katika ikolojia, kilimo, sayansi ya jamii na katika majarida ya Kiswahili.

Sentensi ileile itakuwa hivi katika Vancouver:

Imeripotiwa kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji baridi (1).

Na hivi katika APA:

Imeripotiwa kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji baridi (Mpemba & Osborne, 1969).

Msimamizi akikuambia "tumia Harvard", muulize Harvard ya nani. Hakuna kitabu kimoja kinachoitwa hivyo. Kila chuo na kila jarida lina Harvard yake, moja inaweka mwaka kwenye mabano, nyingine haiweki.

Hatua ya 3: Chukua taarifa kwenye chanzo chenyewe

Rejea haichukuliwi kwenye orodha ya mtu mwingine. Yeye akikosea ukurasa, wewe unalibeba kosa lake, na atakayekusoma atalibeba lako. Fungua makala yenyewe, ukurasa wa kwanza, usome majina, kichwa, jarida, mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Kama makala hujaiona na umeisoma kupitia kitabu cha mwingine, rejelea kitabu hicho na useme wazi kwamba umeikuta humo. Hilo si aibu. Aibu ni kudai umesoma usichokisoma.

Kamba imara zaidi ya kumfikisha msomaji ni DOI, ile namba inayoanza na 10 ikifuatiwa na nukta, kisha mkwaju katikati. Anwani ya tovuti huhama, DOI imekusudiwa isihame. Iandike kamili kama kiungo, ikianza na https://doi.org/, isipokuwa jarida linataka vingine. DOI zilianza kutolewa mwaka 2000, lakini usidhani makala ya zamani haina. Makala ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, ilitoka 1958 na leo ina DOI. Crossref, wanaosajili nyingi ya namba hizi, wana ukurasa wa bure ambapo unabandika orodha yako nzima na wao wanakuletea DOI za zile zinazotambulika.

Kwa majarida ya Afrika, anzia African Journals Online, AJOL, iliyoanza 1998. Matoleo mengi ya zamani hayamo, yako kwenye rafu tu. Ukiwa maktaba, piga picha kwa simu: jalada, ukurasa wa yaliyomo, ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa makala. Picha nne. Zitakuokolea safari nyingine miezi sita baadaye, mpitiaji atakapouliza toleo namba ngapi.

Vyote hivyo vitie kwenye programu ya marejeo tangu siku ya kwanza. Napendekeza Zotero kwa sababu ni ya bure na haikudai uwe na akaunti ya chuo. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wao ni MB 300, zinazojaa haraka ukihifadhi PDF, ila taarifa za rejea zenyewe hazina kikomo. Mendeley ni ya Elsevier, EndNote hulipiwa. Anayeandika kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya kisayansi, atakuwa na faili lake la marejeo la BibTeX. Chagua moja, ubaki nayo.

Zotero ukiipa DOI huleta taarifa zote kwa sekunde. Hapo ndipo watu hulala. Taarifa hizo zimejazwa na binadamu mahali fulani, na zina makosa. Kila unapoingiza kitu, kitazame upande wa kulia huku makala ikiwa wazi mbele yako. Kichwa kimekuja chote kwa herufi kubwa? Ibadilishe kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha hakikisha Tanzania, DNA na majina ya watu hayajashushwa kuwa herufi ndogo. Kuna jina la kisayansi la kiumbe ndani ya kichwa? Litie kati ya alama za mlazo, hivi: <i>Anopheles gambiae</i>. Zotero itazisoma alama hizo na jina litatoka limelala kama linavyotakiwa. Ukisubiri kulifanya ndani ya Word, litasimama tena kila programu inapojisasisha.

Hatua ya 4: Majina, majina, majina

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoumia zaidi, nami nakaa hapa kwa makusudi.

Wengi wetu tuna majina matatu: langu, la baba, la babu. Mifumo ya majarida inachukulia la mwisho kuwa la ukoo. Mtu akichapisha makala moja kwa majina mawili na nyingine kwa matatu, kwenye hifadhidata anakuwa watu wawili, mmoja chini ya jina la baba, mwingine chini ya la babu. Wewe unayemrejelea, kanuni yako ni moja: fuata kilichochapishwa kwenye makala hiyo. Hata kama unamfahamu, mlikuwa bweni moja, na unajua jina lake halisi ni lipi, usimsahihishie. Msomaji atatafuta kwa jina lililochapishwa. Kwa jina lako mwenyewe, amua leo utaliandikaje, ulitumie hivyohivyo maisha yako yote ya utafiti, na ujisajili ORCID, rejista ya utambulisho wa watafiti, upate namba yako ya tarakimu 16.

Vijineno kama bin, wa, ole na arap huwa ni sehemu ya jina la ukoo pale mwenyewe anapoandika hivyo. Viweke kwenye kisanduku cha jina la ukoo, la sivyo programu itavigeuza herufi za mwanzo.

Halafu kuna ng'. Kibodi hutoa kistari cha juu kilichonyooka, Word hukigeuza kikapinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni viwili. Mwandishi mwenye ng' katika jina lake akiingia kwa alama zote mbili, programu itamhesabu mara mbili, na kama ana makala mbili za mwaka mmoja hazitapata a na b za kuzitofautisha, kama 2014a na 2014b. Tafuta jina lake ndani ya maktaba yako kwa alama zote mbili, usawazishe.

Taasisi nazo. Mfano ni taarifa ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ile iliyohesabu watu 61,741,120, ambayo karibu kila makala ya afya ya jamii Tanzania inaihitaji. Mwandishi wake ni taasisi. Ukijaza "Ofisi ya Taifa ya Takwimu" kwenye visanduku viwili vya jina, programu itadhani kuna mtu wa ukoo wa Takwimu ambaye majina yake mengine yanaanza na O na T. Kosa hili limepita hadi kwenye majarida makubwa, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuchapishwa kama mtu aitwaye "Organization WH". Katika Zotero kuna kitufe kidogo kando ya jina kinachounganisha visanduku viwili viwe kimoja. Kibofye, kisha andika jina zima. Katika BibTeX, zungushia jina mabano ya mawimbi mara mbili.

Hatua ya 5: Andika rejea moja mpaka ikamilike

Usirekebishe orodha nzima kwa mkupuo. Chukua rejea moja, ilinganishe na mfano wa jarida alama kwa alama, mpaka zifanane. Makala yetu katika Vancouver ni hii:

Mpemba EB, Osborne DG. Cool? Phys Educ. 1969;4(3):172-5.

Tuitazame kwa karibu. Jina la ukoo linatangulia, kisha nafasi, kisha herufi za mwanzo za majina mengine zikiwa zimeshikana bila nukta. Kati ya waandishi kuna mkato tu, hakuna "na". Baada ya mwandishi wa mwisho kuna nukta. Kichwa huanza kwa herufi kubwa, kisha herufi kubwa huonekana kwenye majina maalumu peke yake. Hapa alama ya kuuliza ni ya kichwa chenyewe, kwa hiyo haiongezewi nukta. Jina la jarida liko kwa ufupisho, bila nukta ndani yake, nukta mwishoni. Halafu kinakuja kile kipande ambacho watu hutia nafasi kila mahali: mwaka, nukta mkato, juzuu, toleo kwenye mabano, nukta pacha, kurasa. Hakuna nafasi hata moja humo. Na 172-5 maana yake ni 172 hadi 175; tarakimu zinazojirudia huachwa.

Sasa APA:

Mpemba, E. B., & Osborne, D. G. (1969). Cool? *Physics Education*, *4*(3), 172–175. https://doi.org/10.1088/0031-9120/4/3/312

Kila herufi ya jina ina nukta na nafasi yake. Mwaka umepanda mbele. Jina la jarida ni kamili na limelala, namba ya juzuu nayo imelala, lakini toleo ndani ya mabano limesimama. Kurasa zimeandikwa zote na kistari kati yake ni kile kirefu. Baada ya DOI hakuna nukta.

Makala ya Burkitt itakupa zoezi zuri:

Burkitt D. A sarcoma involving the jaws in African children. Br J Surg. 1958;46(197):218-23.

Ukiona 197 kwenye mabano unaweza kushawishika kwamba ni ukurasa. Sivyo. Jarida hilo lilikuwa likihesabu matoleo yake mfululizo bila kuanza upya kila juzuu, na hilo ni toleo la 197. Ndiyo maana nasema uwe na ukurasa wenyewe mbele yako.

Idadi ya waandishi hutofautiana. Majarida mengi yanayofuata ICMJE huorodhesha 6 wa kwanza kisha "et al." Mtindo wa AMA, chama cha madaktari wa Marekani, wakizidi 6, huandika 3 tu. APA toleo la 7 huandika wote hadi 20. Makala ikiwa ya Kiswahili, na jarida linakubali, tumia "na wenzake" mahali pa "et al.", lakini usichanganye.

Ufupisho wa jina la jarida haubuniwi. Uchukue kwenye katalogi ya NLM, inayopatikana bure mtandaoni. Humo utakuta East Afr Med J, Afr Health Sci, Tanzan J Health Res. Jina la neno moja, kama Nature, halifupishwi. Ndani ya Word, Zotero ina kisanduku cha kuchagua ufupisho wa MEDLINE, hifadhidata ya makala ya NLM, kinachofanya kazi vizuri kwa majarida yaliyomo kwenye orodha hiyo. Kwa yale yasiyokuwemo, jaza ufupisho kwa mkono.

Hatua ya 6: Vyanzo visivyo makala za majarida

Sura ya kitabu inataka majina mawili, la aliyeandika sura na la mhariri wa kitabu, pamoja na kurasa za sura. Tasnifu inataka kiwango chake, chuo na mwaka. Ripoti ya wizara iliyo mtandaoni inataka kiungo na tarehe uliyoifungua, na hifadhi PDF yake siku hiyohiyo, maana tovuti za serikali hubadilishwa na viungo hufa. Makala ambayo haijapitiwa, zile za hifadhi za mtandaoni kama bioRxiv au medRxiv, lazima ionyeshwe kuwa haijapitiwa. Kabla ya kutuma angalia kama imeshachapishwa rasmi, uweke iliyochapishwa.

Chanzo cha Kiswahili ndani ya makala ya Kiingereza kina namna yake. Katika APA andika kichwa cha Kiswahili kama kilivyo, kisha tafsiri yake ya Kiingereza kwenye mabano ya mraba. Katika NLM hutajwa pia lugha mwishoni mwa rejea. Nakusihi usiache kichwa cha Kiswahili na kuweka tafsiri peke yake. Anayeweza kusoma chanzo hicho ni msomaji wa Kiswahili, na atakitafuta kwa jina lake.

Mazungumzo ya simu, barua pepe au maelezo ya mganga mkuu wa wilaya hayaingii kwenye orodha. Yanatajwa ndani ya matini kama mawasiliano binafsi, na tarehe, kwa ruhusa yake ya maandishi.

Kuhusu programu za akili unde nitasema wazi. Zinaweza kukutungia rejea yenye majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, juzuu na kurasa, na makala hiyo isiwepo duniani. Ukipewa rejea na programu ya namna hiyo, haina thamani mpaka umefungua makala na kuisoma. ICMJE nao hawakubali maandishi ya programu hizo yatumike kama chanzo cha msingi.

Hatua ya 7: Kupachika ndani ya matini

Namba zinafuata mpangilio wa kutajwa mara ya kwanza, na rejea ikishapata namba inabaki nayo hadi mwisho. Zikiwa kadhaa pamoja huandikwa kama (2,5-7). Rejea inayoonekana ndani ya jedwali pekee hupewa namba kulingana na mahali jedwali hilo linapotajwa kwanza kwenye matini. Wengi huipa namba ya mwisho kwa sababu majedwali yako mwisho wa faili, na orodha yote inateleza.

Usiandike namba kwa mkono hata mara moja. Tumia kitufe cha programu ndani ya Word. Ukiandika "(8)" kwa vidole vyako, siku utakapoongeza rejea mpya kwenye utangulizi zote zitasogea, isipokuwa hiyo 8 yako.

Katika APA, waandishi wawili hutajwa wote, watatu na zaidi hutajwa wa kwanza na "et al." tangu mara ya kwanza.

Na weka rejea jirani na dai lake. Sentensi yenye madai matatu na namba nne zimerundikwa mwishoni humwachia msomaji kazi ya kubahatisha ipi ni ya lipi.

Hatua ya 8: Ukaguzi kabla ya kutuma

Tengeneza nakala ya faili, uipe jina jingine, na kwenye nakala hiyo kata uhusiano wa Zotero na Word ili marejeo yawe maandishi ya kawaida. Ile ya asili ihifadhi, utaihitaji wapitiaji wakirudisha makala.

Chapisha orodha kwenye karatasi. Mtu mmoja asome matini kwa sauti, akifika kwenye rejea ataje, mwingine aweke tiki kwenye orodha. Mwisho wake usibaki mstari usio na tiki kwenye orodha, wala jina kwenye matini lisilo na mstari. Kwa mtindo wa jina na mwaka, hapa ndipo utakapokuta 2014 kwenye matini na 2015 kwenye orodha.

Bofya kila DOI. Zote, hata kama ni sabini. Isome makala inayofunguka: ni yenyewe?

Mwishowe angalia kama kuna iliyobatilishwa. Makala ya 1998 katika Lancet iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilibatilishwa na jarida hilo mwaka 2010, na imeendelea kunukuliwa baada ya hapo. Zotero huonya kwa mstari mwekundu ikitambua makala ya aina hiyo, kwa kutumia hifadhidata ya makala zilizobatilishwa ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 iko mikononi mwa Crossref. PubMed, tovuti ya NLM ya kutafutia makala za tiba, nayo huonyesha. Kama unairejelea kwa sababu unaijadili, andika kwenye rejea kwamba imebatilishwa.

Picha zako za maktaba na PDF usizifute baada ya makala kukubaliwa. Kabla ya kuchapishwa utaletewa nakala ya mwisho yenye maswali pembeni, mengi yakiwa ya marejeo: rejea ya 14, thibitisha kurasa; rejea ya 22, mhariri wa kitabu ni nani? Mara nyingi hutakiwa kujibu ndani ya saa 48, na siku hiyo huenda uko safarini, mbali na maktaba.